Kaptula ya Mkwe

Mkonge Stars ilikuwa imeshinda mechi tatu mfululizo, na kila mtu mjini Voi mwenye mdomo alikuwa na maelezo yake. Wenye maelezo marefu zaidi walikutana Jumatatu asubuhi kwa Festus kinyozi, pale sokoni, ambapo kiti cha kunyolewa ni kimoja na cha kubishana ni benchi refu linalofika hadi kwenye meza ya mitumba ya Pauline. Anayenyolewa hulazimika kutulia. Wengine hawakuwa na sababu hiyo.

"Ni usajili," Festus alisema, mashine ikinguruma juu ya kisogo cha mteja. "Msimu uliopita tulikuwa na wachezaji. Sasa tuko na timu. Mliona vile walisukuma gari ya kocha juzi? Wote, mpaka kipa."

"Msimu uliopita hawangesukuma hata mlango," akasema mzee mmoja kwenye benchi.

Hakuna aliyembishia, kwa sababu wote walimkumbuka yule mbuzi. Timu ilikuwa imempata kama zawadi katika mashindano ya Krismasi kule Mwatate, na katika kugawana, viungo wa kati walichukua mapaja na mbavu, mabeki wakaachiwa kichwa na kwato. Tangu siku hiyo beki wa Mkonge Stars akipata mpira aliona heri aupige nje kuliko ampe mtu wa kati. Walimaliza msimu wakiwa wa tatu kutoka chini na hawasalimiani. Ndipo wakaja wageni: Samir, kipa mwenye vituko, na Sylus, straika wa kutoka Mahoo, ambaye hakujua habari ya mbuzi na aliomba pasi kwa kila mtu bila kubagua. Ilibidi wampe. Baada ya wiki chache wakajikuta wanapeana wao kwa wao, na siku moja beki mmoja akamkopesha kiungo viatu. Habari hiyo ilizunguka soko lote kabla ya saa sita.

"Na nani alimwambia kocha Ben amchukue huyo kijana wa Mahoo?" Pauline aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiikung'uta.

"Ni wewe, Mama Cynthia."

"Sema tena, huyu mteja hakusikia."

"Nimesikia," mteja akasema, kidevu kimegusa kifua. "Ni yeye."

Pauline alikuwa na haki ya kuringa. Timu ilikuwa na kocha, katibu na mweka hazina, lakini sauti yake ilikuwa ni yeye. Kila Jumapili baada ya ibada alisimama kwenye kamba nyuma ya goli, akipiga jerikeni tupu kwa mti wa ufagio, na kuwatukana wachezaji kwa upendo mwingi kiasi kwamba asiyetukanwa alienda nyumbani akiwa na wasiwasi. Nyimbo zote za mashabiki zilitoka kwake. Ule uliopendwa zaidi ulikuwa wa Sylus, na ulihusu mapaja yake, ambayo Pauline alikuwa ameyafananisha na migomba ya kwao Mahoo, moja la kulia na moja la kushoto, ubeti kwa ubeti. Mwenyekiti wa kina mama kanisani aliwahi kumwita pembeni kumkanya kuhusu ule wimbo. Wiki iliyofuata alisikika akiuimba akifagia madhabahu.

Kilichowashinda watu kuelewa ni kwa nini straika aliyetakiwa na timu za Mombasa alikubali kuja Voi, ambako posho ya mazoezi ni chapati na supu.

"Mapenzi," Festus alisema. "Huyu kijana anapenda hii timu."

Kwamba ni mapenzi, hapo hawakukosea. Walikosea tu yalikoelekea.

* * *

Cynthia alingoja mpaka mama yake akapakua ugali. Alikuwa amefanya kazi siku nzima kwenye duka la dawa, akiwapa watu vidonge vya kichwa, na sasa alionekana kama mwenye kuvihitaji yeye.

"Mama, Jumamosi usifungue meza. Tuko na wageni."

"Wageni gani?"

"Wa kutoka Mahoo."

Baba yake, Donald, akaongeza sauti ya redio. Kwa kitendo hicho tu Pauline akajua kwamba mumewe alikuwa anajua, na kwamba amejua kwa muda.

"Baba Cynthia, zima hiyo kitu."

"Ni taarifa ya habari."

"Taarifa ya habari iko hapa. Cynthia, anaitwa nani?"

"Unamjua."

"Mimi najua watu wengi."

"Ni Sylus."

"Sylus gani?" Pauline aliuliza, ingawa maishani mwake alikuwa na Sylus mmoja tu.

"Huyo huyo, mama. Huyo wako wa migomba."

Pauline akavuta leso iliyokuwa begani akajifunika kichwa, akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya sufuria yake mwenyewe. Kwanza alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya shabiki: straika akioa Voi, hauzwi Mombasa. Halafu akakumbuka mambo mengine, na furaha ikaingia baridi. Kwao vilimani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, na kubwa kuliko yote, mama hamwangalii mkwe wake akiwa na mapaja nje. Vijana wa mjini walikuwa wameyaacha hayo zamani. Ila wifi yake Rachel, dada mkubwa wa Donald, hakuwa kijana na hakuwa wa mjini. Aliishi Mghange, na hakuna posa ya ukoo iliyopita bila yeye.

"Rachel akija hapa," Pauline alisema polepole, "mimi uwanjani nimekwisha."

"Shangazi ataelewa."

"Tangu lini?" Akageuza mwiko sufuriani bila sababu. "Kwani lazima iwe Jumamosi hii? Si wangoje ligi iishe? Ni mechi mbili tu zimebaki."

Cynthia akaweka sahani chini.

"Mama, unanipima na Mkonge Stars?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema tungoje ligi iishe."

Alikuwa amesema hivyo, na alijua. Aibu ilimpanda shingoni, lakini badala ya kuomba msamaha aliuliza ni nani anayetaka mchicha zaidi. Hakuna aliyetaka.

* * *

Wazee wa Mahoo walifika na mikungu minne ya ndizi, sukari, na mjomba mmoja mchangamfu ambaye baadaye familia zote mbili zilikubaliana kwamba alifaa kuachwa nyumbani. Sylus alikaa nyuma kabisa ndani ya suti ya kuazima. Rachel alikuwa ameteremka tangu Ijumaa. Alisema amekuja kuchukua miwani mpya hospitali, na kwa kuwa miwani haikuwa tayari, angekaa mpaka iwe tayari. Aliketi penye mwanga, mikono juu ya mkoba.

Mambo yalienda vizuri hadi mjomba alipopewa chai.

"Mama wa hapa sisi tunamjua sana," alisema kwa furaha. "Hata watoto kule Mahoo wanaimba wimbo wake."

"Wimbo gani?" Rachel akauliza.

Donald alikohoa. Sylus akainama akachunguza viatu vyake, ambavyo pia vilikuwa vya kuazima. Mjomba, akidhani mama huyu mtu mzima ananyimwa raha ambayo wengine wanaijua, akaweka kikombe chini na kumwimbia. Alikuwa na sauti nzuri. Aliimba ubeti wa paja la kulia, na alikuwa amevuta pumzi kuingia la kushoto ndipo mzee mwenzake alipomshika goti.

Pauline hakujua aangalie wapi. Maishani mwake alikuwa ametukana marefa, wasaidizi wao na msaidizi wa chifu mmoja, na hakuwahi kutamani ardhi impokee. Siku hiyo alitamani.

"Ulioimbwa umeimbwa kabla ya posa," Rachel alisema baada ya kufikiri. "Huo tutauhesabu kuwa ni ujinga. Lakini kuanzia leo huyu ni mkwe. Pauline, hutasimama mahali alipo na kaptula."

"Wifi, yeye ni mchezaji wa mpira. Kaptula ndiyo kazi yake."

"Aifanye. Wewe usiione."

"Huku ni Voi, wifi. Watu wanakutana na wakwe zao kwenye foleni ya maji."

"Wakiwa na longi ya kufika miguuni," Rachel akasema. "Ukienda kumwangalia, hii mikungu itarudi Mahoo na maneno yake. Na wazee hawa watasema walikuja kuoa nyumba isiyo na adabu. Sema wewe."

Wazee wa Mahoo, ambao wenyewe hawakuwa na neno, waliitikia kwa vichwa, kwa sababu mtu mzima akisema hivyo mbele ya wageni hamwezi kukataa. Pauline akamtazama Cynthia. Cynthia alikuwa akitazama sakafu, vidole vyake vikiminyana kama alivyofanya akiwa mdogo akisubiri matokeo ya mtihani.

"Nimekubali," Pauline alisema.

* * *

Jumapili alikaa nyumbani akimenya ndizi. Uwanja haukuwa mbali, na mtu aliyeishi na kelele zake miaka yote huzisoma bila kuona. Alisikia mashabiki wakianza na kuacha. Mara moja walijaribu wimbo wa Sylus, wakafika kwenye neno lenyewe, wakakumbuka sasa ni mapaja ya mkwe wa Mama Cynthia, na wimbo ukafa mdomoni. Baadaye alisikia shangwe fupi upande usio wake. Akaendelea kumenya, hata zile zilizokuwa za kesho.

Mkonge Stars walifungwa moja bila na timu ya mwisho kwenye ligi. Sylus alicheza akivuta kaptula yake chini kwa mkono mmoja, macho kwenye kamba, kuhakikisha mama mkwe hayupo, na kila alipohakikisha hayupo alihuzunika. Mwisho wa mechi beki alikataa kumpa kiungo mkono. Mtu akamtaja mbuzi.

"Ari imekwisha," Festus alisema Jumatatu. Hakukuwa na mteja kwenye kiti. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kupendeza. "Na tulisema ni usajili."

"Ni usajili huo huo," akasema yule mzee wa kwenye benchi. "Tulisajili straika tukapoteza mama."

Walisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye meza ya mitumba. Pauline alikunja shati moja mara tatu. Lililomuuma zaidi lilitoka kwa Cynthia mwenyewe, aliyepita saa ya chakula na macho mekundu. Mtu mzima, mwenye familia, alikuwa ameingia dukani kununua dawa ya kikohozi akamwambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyewanyang'anya mama yao. "Dawa nipe," alimwambia, "lakini ujue nimekasirika."

"Alikuwa nani?" Pauline akauliza.

"Achana naye, mama."

"Nitaachana naye nikijua ni nani."

Kocha Ben alikuja mchana, amekonda kwa siku moja. Jumapili iliyofuata ilikuwa mechi ya mwisho, dhidi ya Vuria Rovers kutoka juu Wundanyi. Sare tu ingewapa kombe la kaunti. Wakifungwa, kombe lingepanda mlima.

"Kwani Sylus hawezi kucheza na longi?" Festus aliuliza.

"Sheria haikubali," Ben akasema. "Anayeruhusiwa longi ni kipa peke yake."

Benchi likanyamaza. Kilikuwa kile kimya ambacho mtu mwenye busara hukisikia akaondoka, lakini hapakuwa na mtu wa namna hiyo pale. Mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Ben.

"Hapana," Ben alisema.

"Hatujasema kitu."

"Huyo ni straika wangu. Nimweke golini?"

"Jana alifunga?" mzee akauliza.

"Hakufunga."

"Basi unapoteza nini?"

Ben alifungua mdomo na hakupata jibu, na kwa mashabiki wa Mkonge Stars kukosa jibu ni kukubali. Pauline alikuwa tayari ameingiza mikono yote miwili kwenye rundo. Alitoa suruali ya traksuti ya bluu, mguu mrefu, akampimia Festus kiunoni mbele ya soko lote, kisha akaipeleka nyumbani kwake, ambako Rachel alikuwa bado akingoja miwani. Rachel aliishika kitambaa, akaivuta, akaigeuza ndani nje.

"Inafika kwenye kifundo?"

"Inapita, wifi."

"Basi hiyo ni longi," Rachel akasema, na jambo likawa halali.

Aliyebaki kuambiwa ni Bi Mwanatumu, mamake Samir, jirani wa Pauline pale kambani kila Jumapili. Alisikiliza mpango wote akiwa anachambua mchele.

"Na mwanangu mumuweke wapi?"

"Atacheza mbele, mahali pa Sylus."

"Samir acheze mbele?" Mwanatumu akaweka ungo chini. "Mtoto yule nikimtuma dukani hupumzika njiani mara mbili. Mimi nimemzaa, namjua, hakuumbiwa mbio. Lakini haya, mumekwisha amua. Yangu macho."

* * *

Jumapili uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya lori. Rachel alikuja na miwani yake mpya kukagua longi kwa macho yake, akaketi kwenye jiwe kati ya mashabiki, Cynthia kando yake. Pauline alipofika na jerikeni, watu walimpisha kama gari la wagonjwa. Alipiga mara moja tu, na uwanja mzima ukaitikia. Wachezaji wa Mkonge Stars, waliokuwa wamesimama mafungu mawili, walijikuta wamesogea wakawa fungu moja. Sylus alisimama golini, amefunikwa kiuno hadi kwenye kifundo, na kwa mara ya kwanza tangu posa alitabasamu.

"Wewe mrefu," Pauline akampigia kelele, kwa heshima, bila kumtaja jina. "Hiyo longi nimekupa ya bure, usiiangukie."

Ari ilikuwa imerudi, hilo hakuna aliyelikana. Tatizo lilikuwa mpira. Samir, akiwa mbele, alipokea krosi nzuri ndani ya eneo la hatari, na kwa mazoea ya maisha yake yote akaidaka kwa mikono miwili. Aliikumbatia hata baada ya filimbi. Refa alimpa kadi ya njano, na Mwanatumu akawaambia waliokuwa karibu kwamba angalau hakuiachia. Sylus naye alikuwa na mazoea yake. Shuti dogo lilipomjia, mpira ambao mtoto wa shule angeuokota, aliutuliza kwa kifua, akampiga chenga mshambuliaji wa kwanza, akampiga chenga wa pili, na wa tatu akamnyang'anya akautia wavuni taratibu.

Wakati wa mapumziko Ben alitembea hadi kwenye kamba. Kofia alikuwa ameivua.

"Mama Cynthia, lazima niwabadilishe. Samir arudi golini, Sylus aende mbele." Akaikunja kofia mikononi. "Na hapo itabidi avue longi. Ukisema hapana, nitawaacha hivi. Hii timu ni yako kuliko yangu."

Pauline alitazama upande wa wachezaji. Sylus alikuwa ameketi chini na longi yake, mgongo kwake, akingoja kama mshtakiwa. Beki na kiungo walikuwa wakinywa chupa moja ya maji. Pauline alitaka kubaki. Alitaka kwa mwili wake wote, na kama wangekuwa peke yao uwanjani pengine angelia.

Cynthia alikuwa ameshuka kutoka kwenye jiwe.

"Kaa tu, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Aende acheze, na wewe uangalie. Shangazi aseme anachotaka. Mimi nitaolewa hivyo hivyo."

"Na kule Mahoo?"

"Kule Mahoo watazoea."

"Hawatazoea. Watakuimbia." Pauline alijua vizuri nguvu ya wimbo. "Kila ukienda kisimani, watakuimbia mama yako alikuwa anaangalia nini. Mimi nilikuambia ungoje ligi iishe, Cynthia. Hilo neno lilinitoka, na limenikaa hapa tangu siku ile. Siwezi kukufanyia mara mbili." Akamgeukia Ben. "Mpeleke mbele. Mimi naenda."

Akambwagia Mwanatumu jerikeni, akapita katikati ya watu kuelekea barabarani. Walimpisha. Alifika kwenye lori, mgongo wake kwa uwanja, akasikia filimbi ya kipindi cha pili. Baada ya filimbi hakusikia kitu. Mashabiki wote wale walikuwa kimya, na Mwanatumu alikuwa akipiga jerikeni kama anayebisha mlango wa mtu asiyemjua.

Pauline akasimama. Kisha akaanza kurudi. Alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, kisigino kikipapasa njia, uso ukiwa umeelekea barabarani na makalio yakiwa yameelekea Mkonge Stars. Alimkanyaga muuza njugu akaomba radhi bila kugeuka. Mwanatumu alimwona, akamkimbilia, akamshika kiwiko na kumwongoza, "jiwe hapo, kulia kidogo, kamba hii," hadi kamba ikamgusa mgongoni. Sasa alikuwa amewapa wachezaji kisogo na mbele yake kulikuwa na mashabiki wote wa Voi, wamepanga nyuso zao kumwangalia.

"Pauline," Rachel akaita kutoka kwenye jiwe.

"Siangalii, wifi. Umeona naangalia?"

Rachel aliondoa miwani akaifuta, akairudisha. Alitafuta katika kichwa chake kila alichofundishwa na mama yake na bibi yake, na hakupata mahali mgongo ulipotajwa.

"Endelea," akasema.

Basi Pauline akachukua jerikeni lake na kuongoza mechi asiyoiona. Mwanzo alitaka kumsikiliza Mwanatumu, lakini Mwanatumu alisimulia tu habari za Samir hata mpira ulipokuwa upande wa pili. Ndipo macho yake yakatua kwa Cynthia. Cynthia hakuwa mtu wa mpira. Alikuwa akija uwanjani na kitabu. Sasa alikuwa amesimama, leso mdomoni. Macho yake yalikwenda kushoto, na Pauline akajua mpira umekwenda kushoto. Mabega yake yakapanda, na Pauline akaongeza mdundo. Mara uso wote ukafunguka, ukangoja, kisha ukajikunja, na Cynthia akafumba macho na kuuma leso kama mwenye jino bovu. Nyuma, watu wakaguna. Pauline hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyekosa na lilikuwa goli la wazi kiasi gani.

Hakuwa amemtazama binti yake muda mrefu namna hiyo tangu alipokuwa akimnyonyesha. Aliona kovu la nyusi alilopata alipoanguka akiwa chekechea. Aliona kwamba amekua mwanamke mzima, mzuri, na kwamba alikuwa akimpenda yule kijana kupita kiasi alichokuwa amethubutu kusema nyumbani, mezani, mbele ya mchicha. Mkono wa Pauline uliendelea kupiga wenyewe. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mashabiki walidhani ni ya timu.

Rachel wakati huo alikuwa amesimama juu ya jiwe. Shangazi hakatazwi kuona kaptula, na miwani ilikuwa ya nguvu.

"Refa," alisema kwa sauti iliyozoea kuvuka mabonde ya Mghange, "huyo amesukumwa. Umefumba macho kwa nini? Nani amekuzaa wewe?"

Mechi ilikuwa inaisha. Pauline aliona hivyo kwa namna Festus alivyokuwa akila kofia yake. Kisha midomo ya Cynthia ikaachana. Mkono wake ukainuka wenyewe, ukabaki hewani, na mwanga ukaingia usoni mwake kabla sauti haijatoka kwa mtu yeyote. Pauline aliliona goli pale, kwenye uso ule, mbele ya uwanja mzima. Halafu ndipo Voi ikapiga kelele, na Cynthia, aliyekuja na kitabu, akamrukia shangazi yake shingoni, wote wawili wakaanguka kutoka kwenye jiwe.

Ilikuwa sare, na sare ilitosha. Mabeki walimbeba kiungo, viungo wakambeba Samir, na Mwanatumu akawalilia wamshushe pole pole. Benchi la Festus lilikuwa tayari limeanza kubishana kama ni usajili au ni kocha. Pauline hakugeuka. Alibaki ameikabili barabara mpaka aliposikia hatua nyuma yake, zikasimama mbali, kama inavyotakiwa. Cynthia akampa ishara kwamba longi imevaliwa.

"Shikamoo, mama," Sylus akasema, kichwa chini, tope hadi masikioni.

"Marahaba." Pauline hakumwangalia, kwa heshima. "Mwanzo wa kipindi cha pili ulikosa goli la wazi. Hata Samir angefunga."

Sylus akatazama huku na huku kumtafuta msaliti.

"Nani amekuambia, mama?"

"Mke wako," Pauline akasema. "Na hakufungua mdomo."